Karatasi ya Majani Chai Kwenye Sanduku la Fyuzi

Nilijua gari yetu iko karibu kuungua nikiwa jikoni, mkono ndani ya pakiti ya majani chai. Ilikuwa Ijumaa asubuhi. Maji yamechemka, maziwa iko tayari, na mimi naona majani yamemwagika kwenye rafu na yameanza kushika unyevu. Ile karatasi ya kung'aa inayokaa ndani ya pakiti haikuwepo. Mtu aliivuta polepole, akarudisha majani kwa pakiti tupu, akakunja juu vizuri kabisa, kama mtu anayejua amekosa.

Hapa Kibugu huwezi kuficha kitu kwenye majani chai. Tunayapanda, tunayachuma, tunayabeba mgongoni, halafu tunarudi nyumbani kuyanywa mara nne kwa siku. Na kwa nyumba yetu siku hizi tuko watatu tu, maana watoto wakubwa wameenda kutafuta maisha. Kuna mimi, kuna mzee wangu, na kuna kitinda mimba wetu wa miezi saba, ambaye Mungu alitupatia wakati nilikuwa nimeshagawa nguo zote za watoto. Huyo wa miezi saba hana shida yoyote na pakiti.

Nikatoka nje na mwiko mkononi.

Gari ilikuwa imesimama pale uani, mlango wazi, na miguu ya mzee imetokeza nje. Kichwa kilikuwa chini ya usukani.

"Baba watoto."

"Mm."

"Chai ya leo utakunywa na karatasi yake ama bila?"

Miguu ikatulia. Hata redio aliyokuwa anaijaribu ikazimwa.

"Hiyo karatasi ilikuwa ina kazi gani huko?" akauliza kutoka chini.

"Na huku iko na kazi gani?"

"Nimeponya fyuzi."

Wacha nieleze hii gari kwanza, ndio ujue kwa nini nilisimama pale na mwiko badala ya kwenda kumnyonyesha mtoto. Ilikuwa ya baba yake mzee wangu, mwalimu mstaafu ambaye sasa ni marehemu. Ni kuukuu kuliko mimi, rangi yake ni kama chai iliyotiwa maziwa mengi, na ndiyo ilinitoa kwetu Meru siku nilipoolewa. Mama yangu alisimama kando ya barabara akaiangalia mpaka ikapotea kwa kona. Miaka mingi sasa mama hapandi gari ya mtu mwingine. Hata hii yenyewe ameipanda mara mbili tu, na mara zote mbili alishika mlango kwa mikono miwili safari nzima.

Sasa Jumapili ile mtoto alikuwa anabatizwa. Mtoto amepewa jina la mama yangu, na kwetu mwenye jina akiwa hai, ni yeye anamshika mtoto mbele ya kanisa. Nilikuwa nimembembeleza mama kwa simu wiki tatu. Mwishowe akakubali, lakini akaweka sharti.

"Mimi nikisikia harufu ya moshi," alisema, "hata kama tumebakisha hatua kumi kufika, mnanigeuza mnanirudisha kwangu. Na msiniite tena."

Nilidhani ni uzee tu. Nikasema ndio mama.

Mzee wangu aliposikia atamleta mama, alianza kutengeneza gari. Nilifikiri ni kupaka rangi ama kushona viti. Kumbe anaongeza vitu. Alianza na taa mbili za ukungu, kubwa kama sahani, na hizo sikukataa kwa sababu huku juu karibu na msitu ukungu ukishuka hata ng'ombe hajui njia ya kurudi. Halafu akaleta feni ndogo ya kuweka mbele, eti mama asitapike. Halafu redio mpya na spika mbili zenye nguvu ya kuhubiria soko. Halafu chaja ya simu. Na siku nilimtuma sokoni Ishiara kuninunulia ndengu, akarudi na ndengu nusu ya ile nilisema, na honi inayoimba. Ukibonyeza swichi, inapiga mwanzo wa wimbo wa kanisa, halafu inarudia, inarudia, mpaka uizime.

"Ya nini hii?" nilimuuliza siku hiyo.

"Tukifika kanisani na mama. Ni heshima."

Vyote hivyo alivifunga kwa waya moja. Moja! Ile nyembamba iliyokuwa inawasha taa ndogo ya ndani, ya kuangalia kama mtoto amelala. Na kwa sababu fyuzi yake ilikuwa inaungua kila akiwasha, alikuwa amechoka kubadilisha, ndio akaingia jikoni kwangu. Fyuzi za hii gari ni za zamani, kijiti kidogo cha udongo mweupe chenye ukanda mwembamba wa chuma mgongoni. Sasa hicho kijiti kilikuwa kimevishwa karatasi ya majani chai, kimeng'aa kama bibi harusi.

"Tangu asubuhi haijaungua hata mara moja," akasema, akijitoa chini ya usukani. Alikuwa anatabasamu.

"Haiwezi kuungua," nikamwambia. "Umeinyima ruhusa. Sasa kitakachoungua ni waya, na waya iko karibu na zulia, na juu ya zulia kutakuwa na mama yangu."

"Mama watoto, hii maneno ya masomo yako ya jioni."

Ndiyo, ni maneno ya masomo yangu ya jioni. Shule niliacha darasa la nane. Nikiwa na miaka thelathini na tisa nikajiandikisha kwa masomo ya jioni ya watu wazima, kwa chumba cha nyuma cha kanisa, mimi na wamama wengine wanne na askari mmoja mstaafu aliyekuwa analala kila somo la historia. Fizikia tulifundishwa na kijana anayeweza kuwa mtoto wangu. Siku ya kwanza alituambia kitu sijawahi kusahau, kwamba stima haina huruma na haina chuki, inahesabu tu. Nikaipenda hapo hapo. Kwa maisha yangu nimeishi na watu wengi ambao hawahesabu.

Nikaenda ndani nikaleta daftari. Nikakaa kwa kiti cha dereva, mtoto mgongoni, nikaanza kumuuliza kila kitu kina wati ngapi. Alikuwa anasoma kwenye makaratasi yake bila kupenda.

Taa mbili, mia moja na kumi. Honi, mia moja na ishirini. Redio na spika zake, mia moja na ishirini. Feni ishirini na nne. Chaja ishirini na nne. Nikajumlisha, nikagawa kwa kumi na mbili, ambazo ndizo volti za betri.

"Ampea thelathini na tatu," nikasema. "Na fyuzi imeandikwa ngapi?"

Akaangalia mbali, upande wa mlima. "Nane."

"Chukua benchi ya kanisa ya watu wanane. Sasa kalisha watu thelathini na tatu. Na wote ni wa kwaya, na wote wanaimba wakiruka."

"Benchi ya kanisa yetu ni ngumu."

"Baba watoto."

"Si nimeshajaribu! Nimewasha vyote dakika nzima. Hakuna kitu."

Hapo ndipo nilijua hesabu peke yake haitamshinda. Mzee wangu ni mtu mzuri, ni shemasi, hajawahi kuniinulia sauti, lakini ukimwambia jambo kutoka kwa daftari anakuheshimu tu kama vile anaheshimu mvua ya nchi nyingine. Lazima imnyeshee.

"Sawa," nikasema. "Washa vyote. Mimi naombea safari ya kesho. Mpaka amina, kama hakuna kitu, mama yangu ataingia na mimi sitafungua mdomo tena."

Akacheka. "Kwa sala zako ndefu? Kama ni wewe unaomba, hata betri mpya itakufa."

"Unaogopa?"

"Omba, mama."

Nilimpeleka mtoto kwa kivuli cha mparachichi, mbali, nikamlaza kwa shuka. Nikaleta ndoo ya mchanga, si ya maji, maana maji na stima ni wapenzi. Nikafungua boneti. Kwa spana nikalegeza ile waya nyeusi ya betri, ya upande wenye alama ya kutoa, mpaka ikawa inaweza kung'oka kwa mkono mmoja, nikaishika. Yeye akakaa ndani mlango wazi. Akawasha taa, akawasha feni, akawasha redio, akachomeka simu, akabonyeza honi. Wimbo ukaanza.

"Tufumbe macho," nikasema, na mimi yangu nikaacha wazi.

Nikaanza kumshukuru Mungu kwa afya. Honi ikapiga mwanzo wa wimbo. Nikamshukuru kwa majani chai na mvua. Honi ikarudia. Nikaombea wagonjwa, nikaombea wasafiri wote kutoka Embu mpaka Meru, nikaombea daraja zote na kona zote, na honi inarudia. Niliposema watoto wetu walio mbali, nikaona kamba nyembamba ya moshi inatoka chini ya usukani, nyeupe, imenyooka. Ikafuatwa na harufu, ile ya plastiki inayoungua, inayokwama kwa koo.

Mzee pua ilicheza. Lakini macho hakufungua. Shemasi ni shemasi.

"Na umbariki mume wangu," nikasema kwa haraka, "umfungulie macho."

"Hujasema amina," akanong'ona, moshi uko kwa magoti yake.

"FUNGUA MACHO, BABA!"

Nikang'oa waya. Honi ikanyamaza katikati ya wimbo. Mzee aliruka nje akaanguka kwa matako, akanyakua ndoo, akamwaga nusu ya mchanga juu ya viatu vyake na nusu kwa zulia. Kuku walikimbia. Kwa shuka, mtoto akacheka kwa sauti, cheko yake ya kwanza kubwa, na mpaka leo sijui kama alimcheka baba yake ama honi.

Waya ilikuwa imevuliwa ngozi urefu wa mkono. Shaba iko uchi, nyeusi, imekwaruzwa na chuma mahali inapopita tundu. Ile fyuzi yake ya kung'aa ilikuwa nzima kabisa. Aliishika kwenye kiganja akaigeuza.

"Kesho saa hii," akasema, "mama angekuwa amekaa hapa."

"Amina," nikasema.

Tukakaa chini karibu na gurudumu. Halafu akaniambia kitu ambacho sikutegemea.

"Unajua kwa nini nimeweka hivi vitu vyote?"

"Heshima, si ulisema."

"Ni masaa matatu, mama watoto. Kutoka kwenu mpaka hapa. Na magoti yake hayakubali kiti cha nyuma, kwa hivyo atakaa mbele, karibu na mimi. Nitaongea nini?"

Hapo nikamwelewa. Kwetu mkwe na mama mkwe ni watu wa heshima, hawapigi hadithi. Miaka ishirini na mingi, maneno ya mzee wangu kwa mama yangu yalikuwa "hujambo mama," "ndio mama," na "mvua imenyesha, mama." Kama mvua haijanyesha, anabaki na mawili. Alikuwa ameweka redio, spika, feni na honi ili mahali penye kimya pasikuwe na nafasi. Nikataka kucheka, lakini alikuwa ameungua moyo, nikamletea chai. Ilikuwa na harufu ya rafu, akainywa yote.

Mchana wote tulifanya kazi pamoja, yeye mikono, mimi daftari. Nilimwambia achague vitatu. Akachagua taa, feni, na redio, ikitumia spika ndogo ya zamani badala ya zile kubwa. Kila kimoja kikapata waya yake, nene inayotosha, na fyuzi yake karibu kabisa na betri, ili waya ikiumia mahali popote mlinzi awe ameshasikia. Taa za ukungu tukazipa rilei, kifaa cha kubeba stima, ili swichi ndogo isibebe mzigo mkubwa. Pale waya inapita tundu la chuma tukakata mpira wa patipati yangu ya zamani ya miguuni tukauzungushia. Fyuzi nilikuwa nazo. Nilizinunua siku moja Majengo, Meru, kwa mzee anayeuza vitu vya magari ya zamani karibu na msikiti, zikakaa ndani ya mfuko wa zipu wa Biblia yangu, pamoja na kadi ya kliniki. Mzee wangu alipoona zinatoka hapo alifuta mikono kwa suruali kabla ya kuzipokea.

Honi na chaja zikaenda kwa rafu jikoni. Karibu na majani chai.

Jumamosi saa tano asubuhi tulikuwa Meru. Mama alikuwa amekaa kwa kiti nje ya mlango tangu alfajiri, bakora kwa mkono, kiondo kwa magoti. Kabla ya kuingia alizunguka gari yote akiinusa. Kweli, akiinusa. Halafu akaingia mbele, akasukuma kiti nyuma ili goti lipate nafasi, akashika mlango kwa mikono miwili. Mimi na mtoto tukakaa nyuma.

"Hujambo mama," mzee akasema.

"Sijambo."

"Mvua imenyesha, mama."

"Imenyesha."

Basi akaisha. Akawasha redio haraka. Kulikuwa na mhubiri wa Kimeru, mama akawa anaitikia, "Ii, ii," na mzee mabega yakashuka. Tukapita mashamba ya majani, tukashuka mabonde na kupanda, feni inazunguka. Nikaanza kusinzia.

Tulikuwa tumepita Chuka wakati nilisikia *tk*. Mhubiri akakatwa katikati ya neno. Kukawa kimya.

Nikanusa. Mzee akanusa. Kwa kioo niliona macho yake yananitafuta. Mama naye akainua pua juu, akageuza huku, akageuza huku. Hakukuwa na harufu. Hewa ya feni tu, na mtoto aliyehitaji kubadilishwa.

"Imekufa?" mama akauliza.

"Fyuzi imeungua, mama," nikamjibu. "Imefanya kazi yake."

"Simamisha."

Mzee akasimamisha kando ya barabara. Mama akaweka mkono ndani ya kiondo, akatoa pakiti ya majani chai, mpya, zawadi ya kutuletea, eti huku Kibugu tunalima lakini hatujui kupika. Akaanza kuifungua.

"Iko na karatasi ndani," akasema. "Ile ya kung'aa. Vuta, uzungushie hiyo fyuzi yako, mhubiri amalizie. Mume wangu alikuwa anafanya hivyo."

Ni lazima uelewe, mama mkwe akikupa neno, hulipimi. Unasema ndio mama. Mzee wangu alikuwa amesema ndio mama miaka ishirini na mingi, na pakiti ilikuwa imenyooshwa mbele ya pua yake. Jasho lilimtoka kwa shingo, na feni inampiga.

"Hapana, mama," akasema.

"Unasema?"

"Hapana. Nimesema hapana. Fyuzi ikiungua kuna kitu imeona. Kwanza tutafute ni nini, na kama hatujui, redio ibaki imezimwa. Mama, unisamehe. Hiyo karatasi sitaweka."

Mama akamwangalia. Akarudisha pakiti kwa kiondo, polepole, akafunga. Nikajua sasa atasema ageuze gari.

"Pikapu ya mume wangu iliungua pale karibu na kiwanda cha kahawa," akasema. "Kwa karatasi kama hii."

"Mama!" nikasema kutoka nyuma. "Si mlituambia iliuzwa?"

"Iliuzwa. Kwa mtu wa vyuma chakavu." Akageukia mzee wangu. "Nilipiga kelele siku hiyo kwamba nanusa moshi. Akaniambia wanawake wananusa kila kitu. Tulitoka na viatu tu. Kwa hivyo wewe umesema hapana."

"Ndio mama."

"Miaka hii yote nikingoja siku utaniambia kitu kingine! Nilifikiri msichana wangu ameolewa na redio." Akaanza kucheka, akacheka mpaka bakora ikaanguka. "Ulijifunza wapi hiyo ya kutafuta kwanza?"

Mzee akaninyoshea kidole kupitia kioo. "Nilijifunza nikiombewa," akasema.

Akaanza kumhadithia. Alianzia kwa karatasi, akaja kwa benchi ya kwaya, akafika kwa sala na moshi na jinsi alivyokataa kufungua macho. Mama alimuuliza maswali. Alimpiga bega! Nilikuwa sijawahi kuona. Mpaka tunaingia Embu walikuwa wameongea hata juu ya vidonda vya tumbo, na mlango mama alikuwa ameuachilia zamani, mikono yake imelala kwa magoti.

Kuhusu redio, tuligundua baadaye ni waya ya spika. Mama alipokisukuma kiti nyuma, reli yake ilibana waya. Fyuzi iliona kabla yetu.

Jumapili mama alimshika mwenye jina lake mbele ya kanisa, na hakuna mtu aliyelia kuliko mzee wangu. Tulipotoka nje, mama akasimama kando ya gari.

"Na ile honi?" akauliza. "Nimeambiwa kuna honi inaimba."

"Iko jikoni, mama," mzee akasema. "Inakula stima sana."

"Mimi sirudi Meru kabla sijaisikia."

Basi Jumatatu nilimpa mzee daftari langu ahesabu mwenyewe waya na fyuzi ya honi. Akakaa kwa ngazi, penseli kwa sikio, anaandika, anafuta. Mama alikuwa karibu, anachambua ndengu.

"Mia moja na ishirini," mzee akasema peke yake, "ugawe kwa kumi na mbili..."

"Kumi," mama akasema bila kuinua kichwa. Hajawahi kuingia darasani hata siku moja. Ameuza ndizi sokoni miaka arobaini. "Weka fyuzi ya kumi na tano, waya nene. Na msiguse pakiti yangu."